Kutengwa na Kuachishwa

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Tabora nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na Afisa Kazi wa Mkoa akaniacha nimesimama mbele ya meza yake kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni haki. Alikuwa mtu mfupi, mkali, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, naye alikuwa akisoma faili. Alipolifunga akainua macho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake kavu, kisha akaniuliza, "Umewahi kufukuzwa kazi?"

"Hapana, mzee. Ndiyo kwanza naanza."

"Basi nusu ya kazi hii utafundishwa na waliofukuzwa. Kaa chini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vijana wanaopita kwangu mtaani Cheyo, hapa Tabora, siku hizi, wakisikia nilikuwa afisa kazi, huniletea vyeti vyao wakidhani nilikuwa nikiwatafutia watu ajira. Wengine wananuna kabisa nikiwaambia sivyo. Afisa kazi hamtafutii mtu kazi. Anaingia karakana, hoteli, ghala la tumbaku au kiwanda, anaomba mikataba ya ajira na daftari la mahudhurio, anazungumza na wafanyakazi pembeni bila tajiri kusikia, kisha anaandika hati ya ukaguzi inayosema nini kirekebishwe na kwa muda gani. Ni kazi ya kuchukiwa. Nimewahi kuandaliwa kiti kilichovunjika mguu makusudi, na nimewahi kufunguliwa mbwa.

Bosi wangu yule wa kwanza alipenda kusema kwamba kazi ya mkataba haikuletwa Tabora na serikali. Tukiwa njiani kwenda ukaguzi, kwenye barabara inayofuata njia ya zamani ya misafara, aliniambia, "Mpagazi wa Kinyamwezi hakunyanyua mzigo mpaka wamepatana uzito, njia na posho. Akionewa katikati ya safari, aliutua chini. Sisi tupo ili mtu anayeonewa awe na mahali pa kuutua." Maneno yale yalinivimbisha kichwa. Nilikuwa msichana wa mjini, Mwislamu wa familia iliyofika hapa na misafara hiyo hiyo, na nikajiona nimekabidhiwa mizigo ya nchi nzima.

Kituo changu cha pili kilikuwa Nzega, na huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na jambo lililonisumbua mpaka nastaafu, yaani mwenye biashara anayesema dini yake haimruhusu kutii sheria. Sheria ya kazi inakataza kumbagua mtu kwa dini, kabila, jinsia, ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine ya namna hiyo. Inaacha mlango mmoja mdogo unaoitwa sifa ya lazima ya kazi. Anayetaka mwalimu wa madrasa anaweza kudai Mwislamu, maana bila hiyo kazi yenyewe haipo. Sasa palikuwa na mwenye hoteli, mzee wa heshima msikitini, aliyebandika tangazo mlangoni: anatakiwa muosha vyombo, awe Mwislamu.

Nilimkalisha nikamuuliza, kwa adabu ya mtu na mzee wake, "Baba, kuosha sufuria kuna udhu?"

Akacheka kidogo. "Hakuna."

"Unaogopa nini, basi?"

Akaniambia anaogopa mikono iliyoshika nguruwe nyumbani. Hilo nililijua, nimelelewa nalo. Nikamuuliza kama mikono hiyo ikinawa jikoni kwake kwa maji yake na sabuni yake itabaki na nini. Tukabishana kwa ustaarabu mpaka adhuhuri ikaingia, akaenda kuswali, na aliporudi akalibandua tangazo mwenyewe. Bosi alipoisoma ripoti yangu alinisifu mbele ya wenzangu. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiambia, kwamba nilifaulu kwa sababu yule mzee alikuwa mtu wa kwetu. Nilijua cha kumuuliza.

Nikapitia Igunga, kwenye viwanda vya kuchambua pamba, ambako vumbi lilinipa kikohozi nilicho nacho hadi leo. Kisha zikaja sheria mpya za kazi na mfumo mpya wa kumaliza migogoro, nikarudishwa Tabora kuwa msuluhishi. Hii ni kazi nyingine kabisa. Afisa kazi anakagua na kuamuru. Msuluhishi anakaa katikati ya mlalamikaji na mlalamikiwa, anawasikiliza, anawasaidia wapatane, na wakipatana wanatia saini hati ya makubaliano ambayo nguvu yake ni sawa na hukumu. Yeye mwenyewe hahukumu. Mkuu wa ofisi yetu, tuliyemwita Mfawidhi, alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini, na aliniambia wiki ya kwanza, "Wewe una moto. Afisa kazi anahitaji moto. Msuluhishi akiona damu inamchemka, anatoka nje anakunywa maji, ndipo anarudi. Hana upande."

Nikaitikia. Ningeitikia chochote siku hiyo.

Neema aliingia ofisini kwangu asubuhi ya Jumatatu, mjamzito wa miezi kama mitano, kitenge amekifunga juu kana kwamba bado tumbo linaweza kufichwa. Alikuwa binti wa watu wakulima kutoka Tura, kule reli inakopita kabla ya kufika kwetu, na alikuwa mkataji katika karakana ya ushonaji hapa mjini. Mkataji ndiye fundi mwenyewe. Wengine wanashona, lakini yeye ndiye anayetandika kitambaa mezani, anapima, anachora kwa chaki na kupitisha mkasi, na akikosea hakuna cherehani itakayomwokoa. Karakana ile ilikuwa maarufu kwa majoho ya kwaya na magauni meupe ya watoto wa kipaimara. Makanisa ya wilaya nzima yalishonesha pale. Aliyekuwa akiyakata yote, kwa miaka minane, ni Neema.

Mwenye karakana aliitwa Mzee Elikana, mzee wa kanisa, mtu ambaye mji wote ulimjua kwa uaminifu. Neema alikuwa na barua yake, imekunjwa mara nne. Iliandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri wa watu wa zamani: "Kwa sababu ya hali uliyonayo, ambayo ni kinyume cha mafundisho, na kwa kuwa hujafunga ndoa, kuanzia leo umetengwa na kazi za karakana hii."

Niliisoma mara mbili. Damu ikachemka, na maji sikwenda kunywa.

Fomu ya malalamiko ina sehemu ya aina ya mgogoro, yenye visanduku vya kutia alama. Kimoja kimeandikwa kuachishwa kazi, yaani ajira imekwisha. Kingine kusimamishwa kazi, yaani ajira ipo ila umeambiwa ukae pembeni. Kipo pia cha mengineyo, chenye mstari mtupu wa kujaza. Neno kutengwa halimo. Kwangu mimi, mtu aliyetengwa na kazi ametolewa, ametupwa. Nikatia alama kwenye kuachishwa bila hata kuinua kalamu kufikiri.

"Amekutenga," nilimwambia.

"Ndiyo, mama. Nimetengwa."

Alilisema kwa utulivu ulionishangaza. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nitarudi lini?"

Nikamwonea huruma. Nilidhani hajaelewa lililompata. Nikamwambia, "Mwanangu, usitamani kurudi kwa mtu aliyekudhalilisha. Niachie mimi." Akaangalia fomu yangu, akaangalia chini, akatia saini pale nilipomwonyesha.

Siku ya usuluhishi Mzee Elikana alikuja peke yake, amevaa koti, kofia mkononi. Aliniamkia kwa heshima, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumtangulia. Nikampa vidonge vyake. Nilimsomea kifungu kinachokataza ubaguzi, neno kwa neno, kuhusu ujauzito na kuhusu ndoa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mheshimiwa," akasema, "ile si ofisi ya serikali. Ni karakana yangu. Nimeianza na cherehani moja na sala. Joho la kwaya haliwezi kukatwa na mtu aliye katika hali ile, dhamiri yangu inanishtaki. Serikali inataka nimtii nani?"

"Dhamiri yako ni yako, mzee. Hakuna atakayekulazimisha uone alichofanya ni chema. Lakini siku ulipotundika leseni ukutani na kumwajiri mtu, ulikubali kwamba kazi yake itapimwa kwa mkasi, si kwa tumbo. Jibu swali moja. Umemtenga au hukumtenga?"

"Nimemtenga."

"Kwa sababu ya ujauzito?"

"Kwa sababu ya hali hiyo, ndiyo."

"Basi umekiri."

Akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, nami nikainua mkono kumnyamazisha. Ule mkono naukumbuka kuliko uso wake. Nikamweleza kwamba akipelekwa mbele atashindwa, na jina lake litasomwa hadharani, na kwamba njia iliyobaki ni amlipe Neema fidia yake yote waachane kwa amani. Neema alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya tumbo, akinitazama. Nikaandika hati: pande zote mbili zimekubali kwamba ajira imekoma. Mzee Elikana akaishika kalamu muda mrefu. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, "Serikali ndiyo inataka hivi?"

"Sheria ndiyo inataka hivi."

Akatia saini. Neema naye akatia. Mfawidhi aliposoma hati alisema ni kesi iliyokwisha haraka, na mimi nilikwenda nyumbani kwa furaha, nikapika pilau siku ya kazi. Kwa miaka kadhaa niliitolea mfano kesi ile katika mafunzo. Niliwaambia wasuluhishi wapya: hivi ndivyo mwenye biashara anayejificha nyuma ya dini anavyobanwa.

Kesi hiyo ilikuja kunigeukia katika wiki zangu za mwisho kazini. Mtumishi anayestaafu hufanya makabidhiano, anapitia mafaili na anayempokea mpaka wote wawili wameridhika. Aliyenipokea alikuwa Bi Upendo, msuluhishi makini, mke wa mchungaji. Alipofika kwenye faili la Neema akasoma barua, akasoma fomu, akarudi kwenye barua.

"Dada, huyu binti alitengwa. Mbona hapa umetia alama kwenye kuachishwa?"

"Kuna tofauti gani?"

Akanitazama, na nikaona anatafuta namna ya kunisitiri. Kisha akanieleza jambo ambalo kila Mkristo niliyeishi naye ukuta kwa ukuta Cheyo angeweza kunieleza, laiti ningeuliza. Kanisani, mtu aliyetengwa hafukuzwi. Jina lake linabaki kitabuni. Anakuja ibada, anakaa viti vya nyuma, hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya. Baada ya muda wake anasimama mbele ya usharika, anarudishwa kundini, na kuanzia hapo si ruhusa mtu yeyote kumkumbusha. Kutengwa, alisema Bi Upendo, ni neno lenye marejeo ndani yake.

Nikalivuta faili, nikaisoma tena ile barua. Kisha nikamuuliza kama mzee wa kanisa akiandika neno hilo kwenye barua ya kazi anaweza kuwa na maana hiyo hiyo. Akajibu kwamba mzee wa kanisa wa umri ule pengine halijui kwa maana nyingine.

Kesho yake nilikwenda karakana. Mzee Elikana alikuwa amezeeka, macho yamemwishia nguvu, kazi ameachia wanawe. Alinikaribisha kiti. Sikuzunguka.

"Mzee, ulipomtenga Neema, ulikusudia arudi?"

"Akishajifungua na kurudishwa kundini, ndiyo. Nilimtenga kwa muda kwa ajili ya majoho, mheshimiwa. Sikumtoa kwenye kazi yake. Meza yake ya kukatia haikukaliwa na mtu mpaka ulipoleta karatasi."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza kama nimemtenga. Nikasema ndiyo. Ungeniuliza kama nimemfukuza, ningesema hapana."

Nikapiga moyo konde nikamwambia la upande wangu pia, maana lilikuwa kweli na bado ni kweli. "Hata hivyo ulikosea, mzee. Kumweka mjamzito nje miezi yote ile bila mshahara kwa kosa la kanisani, sheria isingekubali. Ningejua, ningekubana umrudishe siku ile ile, na majoho akate."

Akafikiri. "Ungeniamuru hivyo ningeumia sana," akasema. "Pengine ningekununia mpaka leo. Lakini ningemrudisha. Mimi ni mtu wa kutii mamlaka. Wewe uliniamuru nimwache. Nikatii hilo."

Niliaga nikatoka. Nataka wanaoingia kazi hii waelewe kilichoniuma. Sheria sikuikosea hata kifungu, na hadi leo naamini kwamba anayefungua duka au karakana hana haki ya kuchagua kwa kitabu chake cha dini nani ale na nani alale njaa. Nitalisema hilo mbele ya sheikh na mbele ya askofu. Lakini nilikuwa na binti aliyetaka kitu kimoja tu, kurudi kwenye meza yake, na kwa sheria hiyo hiyo ningeweza kumpa siku ile ile. Mkataba wake ulikuwa haujavunjwa. Niliyeukomesha ni mimi, kwa mwandiko wangu, kwa sababu ya neno ambalo sikufikiria kuuliza maana yake kwa watu ambao dini yao nilidhani naijua.

Baada ya kuagwa kazini, na zawadi yangu ya saa ya ukutani, nilipanda treni kwenda Tura. Sikuwa na lolote la kumletea Neema isipokuwa kumwambia ukweli. Nilimkuta shambani kwa mama yake, akipalilia karanga, mwanaye wa kike anasoma shule ya msingi. Fidia ilikuwa imeezeka nyumba na kumtibu mama, akaniambia, tena akanishukuru. Mkasi hajaushika tangu wakati ule. Alikuwa amejaribu karakana nyingine mjini, wakamwuliza kwa nini aliachana na Mzee Elikana, akaonyesha hati yangu, wakamwambia watamwita.

Alinikaribisha uji wa karanga. Tukakaa kwenye kigoda kila mtu na chake, na nikamweleza yote: neno, kisanduku, alama niliyotia, mkono nilioinua. Nikamwomba msamaha.

Neema akaendelea kukoroga uji wake. "Nilijua, mama," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ile. Niliona umetia alama kuachishwa. Niliona na hati imeandikwa ajira imekoma. Nimesoma mpaka kidato cha nne, mama, si kwamba sikuweza kusoma."

"Mbona ulitia saini, mwanangu? Ungesema neno moja tu ningefuta."

Akamtazama mwanaye aliyekuwa akianua nguo.

"Baba wa mtoto alinikana. Nyumbani walinuna. Kanisani nilikaa nyuma. Halafu ukaja wewe, hunijui, ukakasirika kwa ajili yangu mpaka ukamnyamazisha Mzee Elikana. Hakuna mtu aliyewahi kukasirika kwa ajili yangu. Niliona haya kukukatiza."

Treni ya kurudi Tabora ilichelewa siku hiyo, na yeye akakaa nami stesheni mpaka ikafika.